Bahari Imekula: Daftari la Pangani na Norfolk

Ushongo, Pangani

Tuliondoka Ushongo saa moja na nusu asubuhi, maji yakitoka, siku ya pili ya bamvua. Nahodha alitaka tufike Maziwe kabla ya saa nne, bahari ikiwa imekupwa kabisa, kwa sababu kisiwa hicho siku hizi huonekana kwa saa chache tu. Maji yakijaa vizuri, chombo kinapita juu yake. Wanaokijua tangu zamani hawakiiti tena kisiwa. Wanasema fungu.

Mzee niliyemfuata katika safari hii alikaa shetri, mgongo ameupa upepo. Nilimwomba aje kwa sababu aliwahi kulala Maziwe. Ujanani walikuwa wakienda dago huko wiki nzima, wakivua usiku na kukausha samaki mchana chini ya mivinje. Leo hakuna hata kisiki. Mwaka 1975 Maziwe ilitengwa kuwa hifadhi, kwa kuwa watafiti wa kasa wa wakati ule waliihesabu miongoni mwa mahali muhimu kabisa pa kutagia katika pwani yote ya Tanzania. Haikupita miaka kumi, kisiwa kikawa chini ya maji.

Niliuliza kwa nini, na chombo kizima kikagawanyika.

"Tabianchi," alisema nahodha, kijana wa miaka thelathini hivi. "Barafu za huko zinayeyuka, maji yanapanda. Tulifundishwa kwenye semina."

"Kabla ya semina kulikuwa na shoka," alijibu mzee.

"Babu, lakini bahari imepanda."

"Sijakataa kuwa imepanda. Nasema miti tuliikata wenyewe. Kuni za kukaushia samaki zilitoka wapi? Nguzo za mabanda ya dago zilitoka wapi? Mimi nimekata. Huyo aliyewafundisha semina hakuwepo."

Mtu wa tatu, aliyekuwa akimwaga maji ya ngama kwa kopo, alisema wote wawili wamesahau mto. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, na mchanga uliokuwa ukishuka na Mto Pangani hadi baharini ukaanza kubaki huko juu. Kisiwa cha mchanga kisicholetewa mchanga kitaishi vipi? Nilishangaa kumsikia akilisema jambo ambalo wataalamu wa pwani hulitaja pia. Alilisema huku kopo likiendelea kuchota, wala hakuinua macho kuona kama tumemsikia.

Tulipofika, fungu lilikuwa jeupe, refu, limelala juu ya maji kama mgongo wa mnyama, membe wamejaa upande mmoja. Mzee alivua kandambili akatembea peke yake. Alisimama mahali, akageuka kutazama milima ya bara, akasogea hatua kadhaa kulia, akasimama tena. Alikuwa akipatafuta mahali pa kambi yao kwa kupima vilele vya milima, vile wavuvi wanavyopima mwamba wa kuvulia. Hatimaye alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini. "Hapa," alisema. "Hapa tulikuwa tunapika."

Kasa hawajui kwamba kisiwa kimekwisha. Bado wanarudi kutaga. Ndiyo maana vijana wa Ushongo huja kuyatafuta mayai kabla bamvua halijayafunika. Nilimtazama mmoja akifanya kazi hiyo. Alichimba kwa vidole, taratibu, mpaka yai la kwanza likaonekana, jeupe na laini, ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani. Alilishika kwa vidole vitatu, akalihamishia kwenye ndoo yenye mchanga bila kuligeuza hata kidogo. Yai likipinduliwa, mtoto aliyeanza kujishikiza upande wa juu wa gamba hufa. Alihesabu kwa sauti ya chini hadi 104. Kisha akaingiza mkono mtupu shimoni kupima kina: kiwiko na kidogo zaidi. Ushongo atachimba shimo la kina hichohicho, chini ya kivuli.

"Kwa nini kivulini?" nikamuuliza.

"Mchanga wa moto unatoa majike watupu," alisema. "Miaka hii mchanga unachoma."

Hilo ni sahihi. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga yai linamokaa, na kijana huyu anaitumia elimu hiyo kila msimu kwa ndoo na kwa kivuli cha makuti. Hakuna aliyembishia chomboni. Nadhani hakubishiwa kwa sababu kila mtu pale alikuwa amewahi kuwaona watoto wa kasa wakitoka kwenye mashimo yake.

Tanga mjini

Nikiwa nimerudi Tanga nilisoma nilichoweza kukipata kuhusu Maziwe. Nyaraka rasmi za nchi yetu kuhusu tabianchi zinaitaja, pamoja na Fungu la Nyani la huko Rufiji, kama visiwa vilivyozama kutokana na kupanda kwa bahari. Sentensi hiyo imenakiliwa mara nyingi. Imeingia kwenye mawasilisho, kwenye maombi ya fedha za miradi, kwenye semina ile ya nahodha.

Halafu nikakutana na kipimo cha Zanzibar. Bandari ya Unguja ina kipimo cha kina cha bahari kilichofungwa mwaka 1984, na mtafiti wetu wa Kitanzania, Shigalla Mahongo, alichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa kumbukumbu zake. Katika miaka yake ishirini ya mwanzo bahari pale haikupanda. Ilishuka kidogo. Mwaka uliofuata wanasayansi wengine wakaeleza katika jarida la Nature Geoscience kwamba tangu miaka ya 1960 pepo za Bahari ya Hindi zilibadilika, zikayasukuma maji kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na eneo la Shelisheli na Zanzibar likawa mojawapo ya yaliyopungukiwa zaidi huku pwani za Ghuba ya Bengal na Java zikizidishiwa. Walisema pia kwamba mabadiliko hayo ya pepo yanahusiana na joto linaloongezwa na binadamu. Baadaye mambo yakageuka, na upande wetu nao sasa unapanda.

Nilibaki na karatasi hizo mezani kwa muda. Maziwe ilizama wakati ambao, kwa tafiti hizo, bahari ya upande huu haikuwa ikipanda. Maana yake mzee na shoka lake ana hoja nzito, na yule wa kopo naye hajapotea. Nahodha anasema kweli kuhusu dunia: wastani wa bahari zote ulipanda kwa karibu sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Lakini kisiwa alichokichukua kuwa ushahidi hakibebi mzigo huo.

Naandika haya nikiwa mtu anayeamini bila shaka kwamba moshi wa viwanda na magari umeipasha dunia joto, na kwamba watu wa pwani yetu watalipa deni wasilolikopa. Kwa sababu hiyohiyo ile sentensi iliyonakiliwa inaniuma. Mzee anajua alikata miti. Ukimwambia kisiwa chake kilimalizwa na barafu ya mbali, hatakubishia mbele ya wageni, atanyamaza kwa adabu. Ila siku utakapomwambia jambo lingine ambalo ni kweli tupu, hatakuwa na sababu ya kukuamini.

Happisburgh, Norfolk

Jina huandikwa hivyo, lakini wenyewe hutamka kitu kama Heizbra. Nilikuwa Uingereza kwa masomo ya miezi mitatu, na Jumamosi moja nikapanda basi kutoka Norwich kwenda kuiona barabara inayoitwa Beach Road.

Barabara hiyo inakwenda vizuri, nyumba kulia na kushoto, kisha lami inakatika kama mkate uliomegwa. Chini yake ni genge la udongo na mchanga, halafu bahari ya rangi ya kijivu. Kipande cha bomba kilikuwa kimechomoza kwenye ukuta wa genge, bado kimefungwa kwa waya kwenye kitu ambacho hakipo tena. Upande wa pili umesimama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, uliojengwa 1790. Mwaka 2012 halmashauri ya huko ilizinunua na kuzibomoa nyumba tisa za mwisho wa barabara hii kabla hazijaanguka zenyewe.

Genge lile ni udongo ulioachwa na barafu ya kale. Ni laini. Mvua inaloweka juu, mawimbi yanakata chini. Mwaka 2013 bahari iliondoa mchanga ufukweni ikafunua nyayo za binadamu za zaidi ya miaka 800,000 iliyopita, za zamani kabisa kupatikana nje ya Afrika. Wataalamu walikimbia kuzipiga picha na kuzipima, na ndani ya wiki mbili mawimbi yakazifuta. Nilimwambia mama wa pale kwenye chumba cha chai kwamba sisi nyayo zetu za Laetoli tulizifukia ili zisiharibike. Alifikiri kidogo, akasema hapa hakuna kinachofukika, kila kitu kinakwenda upande mmoja.

Meza ile ilinikumbusha chombo cha Ushongo. Mzee mmoja, mstaafu, alisema pwani hii inaanguka tangu enzi za barafu, babu zake waliiona ikianguka, vijiji vizima vilishakwenda, na habari za tabianchi ni hadithi ya kuwatoza watu kodi. Yule mama alisema ni bahari inayopanda na dhoruba zinazozidi, na serikali inajua. Wa tatu alisema wote hawajagusa penyewe: meli zinazochota mchanga na kokoto chini ya bahari karibu na Great Yarmouth kwa ajili ya ujenzi. Wanachota huko, pwani inateremka huku.

"Tafiti zimesema uchotaji hauna madhara hapa," mama alimkumbusha.

"Tafiti za nani? Nani aliyezilipia?"

Niliandika swali hilo kwenye daftari na nikalipigia mstari. Tafiti za namna hiyo hufanywa na waombaji wa leseni, kwa kuwa sheria inawataka wazifanye. Yawezekana kabisa zikawa sahihi. Nimejaribu kuzifuata, na sijaona sababu ya kusema wataalamu hao walidanganya. Lakini mtu anayelala akisikia genge likimeguka usiku anataka kujua mtaalamu anakula kwa nani, na hakuna jedwali la takwimu linaloweza kumjibu hilo.

Hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti ya Pangani na Norfolk, na ni kinyume cha nilivyotarajia. Ushongo neno tabianchi linampunguzia mtu lawama. Linasema si wewe, ni wao wa mbali, na huenda wakaleta mradi. Happisburgh nako linabishaniwa kwa sababu ya fedha, ila kwa mlango mwingine. Uingereza haimlipi fidia mtu ambaye nyumba yake imeliwa na bahari, na mpango rasmi wa pwani ile uliachana na kuyalinda magenge hayo, kwa kuwa mchanga unaoanguka pale ndio unaolisha fukwe za vijiji vya mbele. Ukiziba Happisburgh, unamnyima jirani. Kwa hiyo mtu akikubali kwamba pwani inaanguka kwa asili yake tu, amekubali kwamba hakuna wa kumdai. Wanakijiji walifika mahali pa kuuza mawe: kampeni ya kumwomba kila mwenye moyo anunue jiwe moja la kuwekwa chini ya genge. Mawe yalinunuliwa na yakawekwa. Nilishuka nikayaona, meusi, mwani umeyashika, mawimbi yakiyapita juu wakati wa maji kujaa.

Mstaafu yule alikuwa na haki katika nusu ya maneno yake. Genge lilikuwa likianguka kabla ya injini ya kwanza ya mvuke. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba jambo la kale haliwezi kuongezewa nguvu na jambo jipya. Nilimwambia hivyo, kwa upole, nami ni mgeni. Alinisikiliza. Akaniuliza kama kwetu bahari inakula pia, nikamweleza habari za shoka. Akacheka kwa furaha, akawaambia wenzake: mnaona, huyu mzee wa Afrika anasema kama mimi. Nikamwambia hapana, mzee yule hajakataa kuwa bahari imepanda. Alikaa kimya, akaniongezea chai.

Norwich

Kutoka Happisburgh hadi Norwich ni kilomita kama thelathini. Ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha East Anglia kuna jengo dogo la duara lenye jina la Hubert Lamb, aliyekianzisha kitengo cha utafiti wa tabianchi hapo mwaka 1972. Vipimo vya joto kutoka vituo vya dunia nzima vilikusanywa na kulinganishwa ndani ya kitengo hicho. Novemba 2009, wiki chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, mtu ambaye hajajulikana hadi leo aliingia kwenye seva, akaiba baruapepe zaidi ya elfu moja na kuzimwaga hadharani. Polisi wa Norfolk walifunga uchunguzi 2012 bila kumpata.

Neno moja lilizunguka dunia. Katika barua ya mwaka 1999 Phil Jones, mkuu wa kitengo, alisema ametumia "ujanja" wa mwenzake kuficha mshuko. Watu wakasoma kwamba dunia ilikuwa ikipoa na wanasayansi wakaficha.

Kiswahili kinanisaidia kulieleza hili, labda kuliko lugha yao. Sisi tunajua kwamba ujanja una nyuso mbili. Tapeli ana ujanja. Fundi naye, nati ikikataa, husema kuna ujanja wa kuifungua. Alichokisema Jones kilikuwa ujanja wa fundi: kuunganisha mstari wa pete za miti na mstari wa vipimajoto. Wala kilichoshuka hakikuwa joto la dunia. Pete za miti ya baadhi ya misitu ya kaskazini, ambazo kwa miaka mingi zilifuatana na joto, ziliacha kufuatana nalo baada ya takribani 1960, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi kwenye majarida.

Lakini sitaishia hapo, maana wengi wa upande wangu huishia hapo. Mchoro uliotokana na kazi hiyo ulipamba jalada la taarifa ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya mwaka 1999, na jalada halikumwambia msomaji kwamba mistari imeunganishwa na kipande kimekatwa. Tume iliyoongozwa na Muir Russell, iliyotoa ripoti Julai 2010, ilisema uaminifu wa wanasayansi hao hauna shaka. Ilisema pia kwamba mchoro ule ulipotosha, na kwamba kwa muda mrefu walishindwa kuwa wawazi inavyopasa. Watu waliokuwa wakiomba takwimu walizungushwa. Wengine walikuwa wasumbufu kweli, wakiomba ili kuchelewesha kazi. Hata hivyo, daftari lililofungwa humtia mashaka hata asiyekuwa nayo.

Kuna kisa kinachonifurahisha katika sakata hili. Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley huko Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka hesabu hizo. Mwaka 2010 alianzisha hesabu zake upya, tangu mwanzo, sehemu ya fedha zikitoka kwa mfuko wa Charles Koch, tajiri ambaye mali yake inatokana kwa sehemu na mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba joto limepanda kama wale wa Norwich walivyosema, na kwamba karibu lote linatokana na binadamu. Alipewa namba, akahesabu, akabadili kauli mbele ya watu wote. Namheshimu mno mtu huyu.

Na si mashaka yote ni ya mtu wa Beach Road anayesikia genge usiku. Wanasayansi wa kampuni ya Exxon walikadiria tangu miaka ya 1970 na 1980 jinsi dunia itakavyopata joto, na uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Science Januari 2023 ulionyesha kwamba makadirio yao yalilenga vizuri sana, huku hadharani kampuni ikieneza shaka kwa miaka mingi. Mstaafu wa Happisburgh amezilipia shaka hizo bila kujua.

Kwenye treni, kurudi London

Hapa naandika haraka. Mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya London alitoa hukumu kuhusu filamu ya Al Gore ya tabianchi iliyokuwa ikipelekwa mashuleni. Alisema kwa ujumla hoja yake ya kisayansi imesimama, ila akataja mambo tisa yaliyokwenda mbali kuliko ushahidi, na mojawapo lilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Mlima wetu ukahukumiwa London.

Ukweli wa mlima huo ni mgumu kuliko filamu na kuliko waliofurahia hukumu. Barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa 1912. Lonnie Thompson na wenzake waliandika 2002 kwamba huenda ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, vipande vimebaki. Wataalamu wengine, Georg Kaser miongoni mwao, walionyesha kwamba ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 ulichangia sana: barafu ya juu kule hufa kwa kukosa theluji mpya na kwa kuliwa na jua, zaidi ya kuyeyuka kwa joto la hewa. Na bahari iliyopata joto hubadilisha mvua za milimani. Ukilieleza hivyo utachukua dakika kumi. Bango la mkutano lina nafasi ya maneno manne.

Dar es Salaam, Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, mara kwa mara, kwa lugha ya wazi. Boti za Zanzibar zilisimama. Watu waliwahi nyumbani. Kimbunga kikafika Mafia tarehe 4 Mei, kikaishiwa nguvu. Dar ilipata upepo na mvua, lakini si kile watu walichojiandalia, na Jumatatu yake kwenye daladala niliyasikia maneno niliyoyatarajia: wametutisha bure, hawa kazi yao kubahatisha. Siku hizohizo barabara ya Lindi ilikuwa imekatika Somanga, magari yamepanga foleni pande zote mbili za maji.

Nilimkumbuka mwenye nyumba niliyekuwa nikikaa kwake Norwich. Usiku wa Oktoba 1987 dhoruba iliwaua watu 18 Uingereza na kung'oa miti takribani milioni 15, saa chache baada ya mtangazaji wa hali ya hewa wa BBC kuwatuliza watazamaji. Karibu miaka arobaini imepita na bado alinisimulia kama jambo la juzi. Wao walilaumu kwa kutoonywa, sisi tukalaumu kwa kuonywa.

Nadhani neno letu lenyewe linatuponza. Tunasema utabiri wa hali ya hewa, na utabiri ndio kazi ya mnajimu pia. Mnajimu akikosa mara moja amekwisha. Wa hali ya hewa anasema upo uwezekano, anachora eneo pana, na eneo hilo linaanzia Mtwara hadi Tanga. Abiria wa daladala alilisikia kama neno la mnajimu na akampima kama mnajimu. Nilijaribu kumweleza habari za Somanga. Alishuka Magomeni kabla sijamaliza.

Vimbunga vyenyewe si vigeni kwetu. Kile cha Aprili 1872 kilivunja mikarafuu ya Unguja na meli za Sultani Barghash, na mwaka 1952 Lindi ilipigwa. Mwenye shaka atavitaja, na lazima akubaliwe kwamba ni kweli. Mazungumzo yanaanzia hapo.

Ushongo tena

Mzee alikuwa akisuka kamba nilipofika. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umerudi?" Alirudia: "Umerudi kweli." Nilimuuliza kwa nini anashangaa. Akasema wamekuja wengi, wenye vijiti, wenye kamba, wenye mashine ya kuruka. Wamepima ufukwe, wamewauliza maswali asubuhi mpaka adhuhuri, wameandika majina yao. Hakuna aliyerudi kusema alichokipata. Hata mmoja.

Nilitoa karatasi za kipimo cha Zanzibar nikamsomea, nikigeuza Kiingereza kwa Kiswahili polepole. Nahodha alikuja akachutama karibu yetu. Nilipofika pale bahari iliposhuka, nahodha alisema haiwezekani. Nilipofika pale ilipoanza kupanda, alitaka nirudie. Mzee hakujisifu. Aliuliza kipimo hicho kinasomwa na mtu au mashine. Aliuliza kama kuna kingine Tanga au Pangani cha kulinganisha nacho. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama bahari imebadilishwa na pepo mara moja, nani anajua pepo hazitageuka tena?

Aliinuka akatuongoza ufukweni. Kati ya nyumba yake na maji palikuwa na safu tatu za minazi, anasema, na mimi niliiona moja, mizizi ya wa mwisho ikining'inia nje kama nywele. Alisimama kwenye shina, akahesabu hatua kushuka mpaka kwenye mstari wa takataka ulioachwa na maji ya usiku. Hatua kumi na nne. Nahodha akapiga picha kwa simu. Nikaandika tarehe, na kumi na nne.

"Umeandika nini?" mzee akauliza.

Nikamsomea.

"Andika na kuwa ni bamvua," alisema. "Usiandike namba peke yake. Mtu akija wakati wa maji mafu akapima, ataona thelathini, atasema bahari imerudi nyuma. Andika ni bamvua la mwezi mpevu, na kusi imeshaanza."

Nikaandika.